Helikopta ya Kwenye Kava: Kwa Nini Filamu Hutuangusha

Miaka ya 2000 ikielekea ukingoni nilinunua filamu ya Kibongo pale Kariakoo, kwa kijana aliyezipanga juu ya turubai kando ya barabara. Kava lilikuwa na msichana analia, jamaa ameshika bastola, na juu yao helikopta inawaka moto. Nikaiweka kwenye deki. Sehemu ya kwanza haikuwa na helikopta. Nikajipa moyo kwamba itakuwa sehemu ya pili, maana siku hizo filamu moja ilikatwa vipande viwili ili mtu anunue mara mbili. Nikarudi kwa yule kijana, nikatoa hela nyingine. Sehemu ya pili ilikuwa na sebule, sofa, mama mkwe mwenye gubu, na gari moja lililoegeshwa taratibu mpaka nikaenda kunywa maji na kurudi. Helikopta hakuna. Nimepigwa.

Ila filamu yenyewe haikuwa mbaya. Yule mama mkwe alicheza vizuri mno. Hadi leo nikikutana na mtu mwenye mdomo wa aina ile namkumbuka. Ningeletewa ile diski kwenye karatasi nyeupe, bila kava, ningeisifia kwa majirani. Kilichoniharibia ni helikopta.

Tunapozungumzia filamu zilizotuangusha huwa tunachanganya vitu viwili. Filamu mbovu ni mbovu, unaizima unalala, hata jina lake utalisahau. Filamu iliyotuangusha tunaisimulia miaka kumi baadaye kwa uchungu, kama mtu anayemsimulia mchumba aliyemkimbia. Tofauti haiko kwenye ubora peke yake. Mtaalamu wa masoko Richard Oliver aliliandika hili mwaka 1980 katika makala inayosomwa mpaka leo vyuoni: mteja huridhika au huchukia kutegemea pengo kati ya alichokitarajia na alichokikuta. Filamu ya wastani ikikukuta huna habari nayo, usiku wa Jumapili, inakufurahisha. Hiyohiyo ikikukuta umeisubiri miaka miwili, inakuuma.

Ahadi ni deni, tunasema. Kwenye filamu kubwa, hata hivyo, anayekopa na anayelipa ni watu wawili tofauti, na mara nyingi hawajawahi hata kunywa chai pamoja.

Chukua trela. Wengi wetu tunadhani mwongozaji ndiye anayekaa na kuikata. Kwa filamu kubwa za Hollywood kazi hiyo kwa kawaida hupewa kampuni za matangazo zilizobobea katika jambo hilo moja. Wanaletewa vipande vya filamu ambayo mara nyingi bado haijakamilika, wanachagua vichekesho viwili, mlipuko mmoja na jicho moja lenye machozi, wanatia muziki ambao huenda hautasikika ndani ya filamu, na wanakuachia dakika mbili na nusu za utamu. Dakika hizo hazina mzigo wa kueleza kwa nini mhusika alimsaliti rafiki yake. Hazina katikati, na katikati ndiko filamu nyingi hufia. Ni harufu ya pilau inayovuka ukuta wa jirani: inakuambia kuna viungo, haikuambii kama wali umeiva.

Januari 2016 ilitoka trela ya Suicide Squad, filamu ya Warner Bros. iliyoongozwa na David Ayer. Wahalifu waliofungwa wanatolewa gerezani ili wafanye kazi chafu za serikali, na chini ya picha unapigwa wimbo wa Queen, "Bohemian Rhapsody". Risasi zinafuata mdundo. Harley Quinn anavunja kioo cha duka, wenzake wanamshangaa, naye anawakumbusha kwamba wao ni watu wabaya na hiyo ndiyo kazi yao. Niliitazama mara tano, na nina hakika sikuwa peke yangu. Ilikuwa sherehe.

Shida ni kwamba Ayer hakuwa amepiga sherehe. Alikuwa amepiga filamu nzito zaidi, yenye kiza. Kisha Machi mwaka huohuo kampuni hiyohiyo ilitoa Batman v Superman, watu wakailalamikia kwamba imenuna kupita kiasi, na ofisini wakaingiwa na hofu. Jarida la Hollywood Reporter liliripoti kilichofuata: studio ilikata toleo jingine la filamu kwa msaada wa Trailer Park, kampuni ileile iliyotengeneza trela. Mwezi Mei matoleo yote mawili yalioneshwa kwa watazamaji wa majaribio kaskazini mwa California, na kilichokwenda sinema Agosti kilikuwa mchanganyiko wa huku na huku.

Rudia hapo uone kilichotokea. Kava lilichorwa helikopta, filamu haikuwa nayo, basi mchora kava akaitwa jikoni aitie.

Na ukiitazama filamu kwa makini mshono unaonekana. Wahalifu Deadshot na Harley wanatambulishwa mwanzoni kabisa, kisha bosi wa serikali, Amanda Waller, anakaa mezani na mafaili yake na kuwatambulisha tena. Nyimbo maarufu zinapokezana, moja haijakaa sawa nyingine imeshaingia, kana kwamba mtu ameunganisha trela kumi na mbili kwa gundi. Joker, mhalifu anayechezwa na Jared Leto, aliyejaa kwenye matangazo, ana dakika chache tu, na Leto mwenyewe alisema wazi kwamba sehemu zake nyingi zilikatwa. Ayer naye amesema hadharani mara kadhaa kwamba filamu iliyotoka siyo yake.

Hata hivyo, wikendi ya kwanza iliingiza zaidi ya dola milioni 133 Marekani na Kanada. Wikendi ya pili mauzo yakaporomoka kwa takriban theluthi mbili. Mwisho wa yote, dunia nzima, ikafika zaidi ya dola milioni 740. Hasira za watu zilikuwa za kweli, lakini zilifika wakati hela imeshahesabiwa.

Hili la wikendi lina historia yake. Zamani filamu ilianza kwenye kumbi chache za miji mikubwa, watu wakaambizana, kisha ikasambaa taratibu. Iliyokuwa mbovu ilikufa njiani. Juni 1975 Universal ilitoa Jaws katika kumbi zaidi ya 400 kwa mkupuo, baada ya kumwaga takriban dola 700,000 kwenye matangazo ya televisheni. Ilikuwa filamu nzuri, na ikavunja rekodi. Lakini somo ambalo wenye studio walilichukua halikuwa "tengeneza filamu nzuri". Lilikuwa "fungua kila mahali siku moja, piga kelele kwanza". Ukifungua kumbi maelfu Ijumaa, mpaka Jumatatu watu wanaanza kuambiana ukweli, mamilioni wameshakata tiketi. Ndiyo maana wahakiki huoneshwa filamu mapema kwa sharti la kutoandika kitu mpaka saa fulani, na ndiyo maana saa hiyo ikisogezwa mpaka karibu kabisa na siku ya kutoka, mimi hushika pochi yangu. Siyo ushahidi, ila ni dalili.

Na kuna tarehe. Suicide Squad ilitangazwa Oktoba 2014 ndani ya orodha ya filamu za mashujaa zilizopangwa mpaka mwaka 2020, kabla skripti nyingi hazijaandikwa. Kwa mujibu wa taarifa za wakati ule, Ayer alipata kama wiki sita za kuandika yake. Ni harusi ambayo kadi zimeshagawiwa, ukumbi umeshalipiwa, kamati imeshakula michango, na bwana harusi bado anatafutwa. Mikataba ya wanasesere imesainiwa, migahawa imeshachapisha vikombe vyenye picha. Mwongozaji akisema "nipeni miezi minne zaidi", hamwombi bosi mmoja. Anaomba msafara mzima usimame.

Filamu ya Justice League, iliyotoka Novemba 2017, imebaki na alama ya jambo hili usoni, na nasema usoni nikimaanisha uso. Mei mwaka ule mwongozaji wake, Zack Snyder, aliiacha kazi kufuatia kifo cha binti yake, na mwongozaji mwingine, Joss Whedon, akaletwa kuimalizia na kupiga upya sehemu nyingi. Henry Cavill, aliyecheza Superman, alikuwa ameshafuga masharubu kwa ajili ya filamu ya Mission: Impossible ya kampuni ya Paramount, na Paramount wakamkatalia kunyoa. Basi masharubu yakaondolewa kwa kompyuta, picha moja baada ya nyingine, huku tarehe ikikimbia. Filamu inaanza na Superman anahojiwa na watoto wanaomrekodi kwa simu, na mdomo wake wa juu umekaa kama unga wa chapati ambao haujapumzika. Mtoto wa dada yangu, miaka saba, aliuliza kama Superman ameumwa na nyuki. Ukumbi wote pale tulipokaa ulicheka, na tangu dakika ile hakuna aliyemwogopa adui wala kumwonea huruma steringi.

Niseme neno la kuwatetea wanaotengeneza matangazo, maana siyo matapeli wote. Mara nyingine trela ilikuwa ya kweli siku ilipokatwa. Filamu ndiyo iliyohama. Mwaka 2019 Universal ilitoa Yesterday, hadithi ya kijana anayeamka na kukuta dunia haiwakumbuki Beatles. Kwenye trela alikuwemo mwigizaji Ana de Armas. Kwenye filamu hayumo. Sehemu yake iliondolewa kwa sababu watazamaji wa majaribio hawakupenda kumwona kijana akimtazama mwanamke mwingine wakati mpenzi wake wa kweli yupo. Uamuzi wa kisanaa, huenda sahihi. Lakini trela ilibaki mtandaoni, na Januari 2022 mashabiki wawili wa de Armas, waliokodi filamu kwa dola 3.99 kila mmoja, wakafungua kesi mahakama ya shirikisho ya Marekani. Universal ikajitetea kwamba trela ni kazi ya sanaa inayojitegemea. Desemba mwaka huo jaji Stephen Wilson akaikataa hoja hiyo: trela ina ubunifu, ndiyo, lakini kiini chake ni tangazo la kuuza filamu, na sheria za matangazo ya uongo zinaweza kuigusa. Akaongeza mpaka, kwamba hazungumzii malalamiko ya mtu aliyeona filamu haikumfurahisha. Anazungumzia mambo kama iwapo mwigizaji fulani yumo au hayumo.

Nilipoisoma habari hiyo nilimkumbuka yule kijana wa Kariakoo na turubai lake.

Lakini je, pengo hili linaweza kupimwa? Kuna mtu alijaribu, na kisa chake kinaanza kwa kuangushwa. Mwaka 1978 Mmarekani aitwaye Ed Mintz alikwenda kutazama The Cheap Detective. Aliipenda kazi ya mwandishi wake, Neil Simon, na wahakiki walikuwa wameipamba. Akatoka amenuna. Pale nje akamsikia mtazamaji mwingine akilalamika kwamba laiti kungekuwa na njia ya kujua maoni ya watu wa kawaida badala ya wahakiki. Likamkaa. Akaanzisha kampuni ya CinemaScore, yenye makao Las Vegas. Wazo la kadi zake lilitoka kwenye kadi ya sadaka ya siku ya Yom Kippur ya Wayahudi, ile yenye vipande vya kukunja pembeni ili usihitaji kalamu. Mpaka leo, usiku wa kwanza wa filamu kubwa, watu wake husimama mlangoni mwa kumbi kadhaa Marekani na Kanada wakigawa kadi hizo kwa wanaotoka, na majibu hugeuzwa alama kama za shule, kuanzia A+ mpaka F.

Ukizisoma alama zile vibaya utachanganyikiwa. Utaona kichekesho cha kijinga kimepata A, na filamu iliyosifiwa na wahakiki imepata F. Solaris ya mwaka 2002 ilipata F. Filamu ya Darren Aronofsky iitwayo mother! ilipata F mwaka 2017. Siyo kwamba zimetengenezwa hovyo. Solaris ina George Clooney, na matangazo yake yaliegemea mapenzi. Aliyeingia akitafuta mapenzi akakutana na kimya kirefu angani na maswali ya mauti. Ya Aronofsky ilitangazwa kama filamu ya kutisha yenye Jennifer Lawrence ndani ya nyumba. Ndani yake kuna fumbo la Biblia, na linaishia pabaya. Watu wa usiku wa kwanza ndio walioamini ahadi kuliko wote. Kwa hiyo kadi ya Mintz haipimi filamu. Inapima deni: umepewa ulichoahidiwa, ndiyo au hapana?

Hapo naanza kutusogelea sisi watazamaji, maana si kila ahadi hutolewa na studio. Nyingine tunajiahidi wenyewe.

Filamu ya kwanza ikiwa nzuri tunataka ya pili iwe nzuri maradufu. Isipokuwa hivyo tunatoa methali: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Mara nyingine methali inasema kweli. Aprili 1979 Michael Cimino alibeba Oscar ya mwongozaji bora kwa The Deer Hunter, na mwezi huohuo alianza kupiga Heaven's Gate kule Montana kwa kampuni ya United Artists. Nani angemkatalia? Bajeti ya takriban dola milioni 11 ikapanda mpaka kama milioni 44. Ilipooneshwa New York Novemba 1980, ikiwa na zaidi ya saa tatu na nusu, ilipondwa vibaya mno hata ikaondolewa sokoni ikakatwe upya. Mwaka uliofuata United Artists ikauzwa kwa MGM. Huyo ndiye mgema ambaye hakuna aliyethubutu kuonja tembo lake likiwa bado kwenye kibuyu.

Lakini mara nyingi zaidi mgema hana kosa, na hapa nataka kumwombea radhi. Mwingereza Francis Galton, katika karne ya 19, alipima urefu wa wazazi na watoto wao, akaona jambo: wazazi warefu kupita kawaida huzaa watoto warefu, ila kwa kawaida si warefu kama wao. Hakuna aliyetia maji. Urefu ule wa ajabu ulitokana na mambo mengi kukutana kwa bahati, na bahati hairithiwi yote. Filamu kali nayo ni hivyo: kipaji, ndiyo, lakini pia mwigizaji aliyepatikana kwa sababu mwingine aliugua, mvua iliyonyesha siku sahihi, na mwaka ambao watu walikuwa na kiu ya hadithi ya aina ile. Sasa angalia ni filamu zipi huendelezwa. Kwa kawaida ni zile zilizofika kileleni. Ni nadra mtu kutoa fedha za sehemu ya pili ya filamu iliyobuma. Tukichagua daima kuanzia kileleni, hatua inayofuata itakuwa mteremko hata kama mpandaji ana miguu ileile.

Kuna sehemu moja niliyowahi kuona ahadi ikivunjwa na mtu asikasirike: kibanda umiza. Benchi za mbao, jasho, televisheni moja, na sauti ya mtafsiri juu ya sauti ya filamu. Marehemu Lufufu kwa Tanzania, DJ Afro kwa Kenya; hawa hawakutafsiri tu, waliweka hadithi yao. Filamu ikipooza, mtafsiri anaipandisha: anampa adui jina la mtaani, anamtukania steringi shemeji yake, anatuambia "subirini, sasa hivi mtaona". Alikuwa anaandika ahadi na kuilipa papo hapo, dakika kwa dakika, akitutazama nyuso. Nimeona pale filamu zilizoaibika kwao zikipigiwa makofi. Studio haina mtu wa namna hiyo. Ina watazamaji wa majaribio, nao huleta msaada wenye madhara yake.

Mwaka 1982 Harrison Ford alikuwa steringi wa dunia nzima: ameshakuwa Han Solo, ameshakuwa Indiana Jones. Ilipotangazwa Blade Runner ya Ridley Scott, watu wakaja na bisi zao kumwona akiruka na kupiga. Wakamkuta mtu mchovu, mvua isiyokatika, Los Angeles ya mwaka 2019 yenye giza, na maswali kama kiumbe kilichotengenezwa kiwandani kina haki ya kuogopa kufa. Kwenye maonesho ya majaribio ya Denver na Dallas watazamaji walitoka wamevurugwa. Studio ikashtuka. Ford akaitwa asome maelezo ya sauti ya juu ili kila kitu kifafanuliwe, akayasoma kwa uchovu unaosikika. Na mwisho ukabandikwa wa furaha: wapenzi wawili wanaendesha gari kulikimbia jiji, chini yao misitu na milima inayong'aa. Filamu yenyewe ilipigwa gizani. Mandhari kama hayo hawakuwa nayo. Wakaomba mabaki ya The Shining, ya Stanley Kubrick, picha za milimani zilizopigwa kutoka angani.

Ilitoka Juni, wiki mbili baada ya E.T., ikaingiza Marekani takriban dola milioni 27, chini ya gharama zake. Miaka kumi baadaye, 1992, likatoka toleo lisilo na maelezo ya Ford wala mwisho ule wa milima, na mwaka uliofuata Maktaba ya Bunge la Marekani ikaiweka kwenye orodha ya filamu za kuhifadhiwa. Waliokwenda kuitazama safari hii walijua wanakwenda kuona mvua.

Na zile picha za milimani? Zilipigwa kutoka kwenye helikopta. Ndiyo pekee ninayoijua iliyotiwa kwenye filamu bila kuwemo kwenye kava, na filamu ikapona ilipotolewa.